Kiti cha Mbele Kwenda Sanje

Ijumaa, 1 Septemba 1995

Nimeamua. Scolastica nitamwoa, na nitamwambia kwenye maporomoko ya maji ya Sanje, si penginepo. Hapa Ifakara haiwezekani. Ukimsimamisha msichana barabarani Viwanja Sitini, kabla hujamaliza salamu mama yake ameshapata habari kule Lumemo, tena imetiwa chumvi. Sanje maji yanapiga kelele. Hakuna wa kutega sikio.

Kwa watu wengine hii ni safari ya vijana wa jumuiya yetu ya kanisa. Mimi Kelestini ndiye katibu. Tutakwenda Jumapili ya tarehe 17, baada ya Misa ya kwanza.

Shida ni Fridolin. Duka lake la vipuri vya baiskeli linatazamana na kibaraza changu cha kushonea. Kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani, namkuta anatazama huku. Anatazama nini? Leo Scolastica kapita na ndoo, na Fridolin akapiga kengele ya baiskeli ambayo bado iko kwenye karatasi yake. Oliva, binti anayenisaidia vifungo, akacheka na kuinamisha kichwa. Hata yeye kaona! Fridolin anamtaka Scolastica.

Magari yote ya mji yamechukuliwa na watu wa kampeni. Limebaki lori la Mayunga. Huyu ni Msukuma wa Katindiuka, ng'ombe wengi, maneno machache. Kabatizwa Pasaka iliyopita, sasa yumo kwenye jumuiya yetu. Nimemwomba. Akafikiri, akasema sawa. Mtu asiye na hila hata chembe. Laiti wote wangekuwa hivyo!

Mama nimempiga marufuku. Jina la Scolastica lisitajwe nyumbani humu mpaka turudi Sanje, maana ukuta wetu wa nyuma unapakana na shangazi yake Fridolin. Mama akauliza, hata likiwa jambo la heri? Nikamjibu, hasa la heri.

Jumapili, 3 Septemba

Misa sikwenda. Nilikwenda kupeleleza njia. Kamanda hapeleki jeshi asikokujua.

Nilipanda treni alfajiri ili nishuke Mang'ula. Nikasinzia. Kushtuka, Kidatu! Nimerudi juu ya magunia ya mkaa. Sanje nimeyaona kwa mbali kutoka barabarani, mstari mweupe mlimani. Inatosha. Wakiuliza, nimefika mpaka chini, nimeyagusa.

Nyumbani nimeingia mweusi kama chungu. Mama alikuwa ametoka kanisani zamani. Akaanza kusema kwamba leo padre katangaza jambo, tena kuhusu... Nikamkatiza. Najua padre anatangaza nini kila Jumapili: watu wa kusomba mchanga wa kigango. Migongo yao, si wangu. Mama akatoka uani. Kisha akanichinjia kuku.

Kuku! Si Krismasi, hakuna mgeni. Kuna jambo.

Jumanne, 5 Septemba

Sasa nina uhakika. Nimefika bombani, wanawake wakanyamaza wote kwa pamoja. Mmoja akaniambia pole, fundi, ndiyo dunia. Pole ya nini? Cherehani ni nzima, afya ninayo. Nikawaamkia kwa haraka nikaondoka, lakini ubongo ulikuwa unachemka. Fridolin ameeneza habari kwamba safari itavunjika! Ndiyo maana wananipa pole kabla ya msiba.

Mchana Mayunga kaja na kitambaa cha suti, kijivu, kizito. Mwangaluka, nikamwamkia kwa lugha yao, akafurahi. Nikamuuliza suti ya nini. Akasema ya siku moja tu.

Nikaelewa. Kesi. Mwezi wa tano ng'ombe wake waliingia kwenye mpunga wa watu wakala mpaka wakalala humohumo. Sasa anaitwa mbele ya wakubwa. Nikamshika bega, nikamwambia ajikaze, wanaume wengi wamepita huko wakatoka wazima. Mayunga akacheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

Ujasiri wa Wasukuma nimeukubali.

Ijumaa, 8 Septemba

Ruhusa ya Scolastica lazima iombwe kwa mama yake. Mimi kwenda Lumemo ni hatari, Fridolin ataniona nikipita. Nimetumia akili. Nimemtuma Mayunga na lori lake, na mchele wangu, na mafuta yangu ya kupikia. Nani atamshuku Mayunga?

Kakaa huko mchana kutwa. Karudi ananukia bata wa kuchemsha, amelegea kwa shibe. Ruhusa imepatikana. Nikamuuliza walizungumza nini na wazee muda wote huo. Akasema, ng'ombe.

Jamani, huyu mtu hana mada nyingine!

Jumapili, 10 Septemba

Misa sikwenda. Nilijificha kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Fridolin tangu kengele ya kwanza ya kanisa. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimeona: mlango umefungwa. Jiko halina moshi. Bata wake mmoja mwenye roho mbaya, ambaye alinigundua na kunipigia kelele mpaka nikamrushia kandambili. Fridolin mwenyewe hakuwepo, saa nzima na zaidi. Nauliza: mtu mwema, Jumapili asubuhi, anakwenda wapi na kufunga mlango?

Karudi amevaa vizuri, anapiga mluzi, ameshika kandambili yangu. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, mguu mmoja mtupu.

Mama kaniuliza kama leo nimesikia ya kanisani. Nikasema nimesikia yote. Akashukuru Mungu, akaniambia nina moyo mkubwa. Mpaka sasa sijui kwa nini alikuwa na machozi.

Alhamisi, 14 Septemba

Suti imekaa vizuri. Mayunga kataka nipanue kidogo mabega, eti mikono iweze kwenda juu. Mikono juu mahakamani! Nimepanua, masikini wa Mungu.

Oliva naye nimeanza kumwangalia kwa jicho la pili. Leo kaleta kitoga wa kukaanga, mkubwa, tukala pamoja. Samaki kapata wapi? Kasema kapewa na mtu mwema. Halafu, huku anatia vifungo kwenye koti la Mayunga, akaniambia kwa sauti ya chini, kaka Kelestini, Jumapili usikose Misa, nakuomba, ukasikie kwa masikio yako.

Aa! Nikaona mtego ule. Misa ya kwanza ndio wakati lori litakuwa limesimama nje ya kanisa bila mtu. Mimi nikiwa ndani napiga magoti, Fridolin atakuwa ameshachukua kiti cha mbele pembeni ya Scolastica! Binti ametumwa. Na samaki nimeshamla!

Nikamjibu kwa upole kwamba nitafikiri. Nikatoboa kidole kwa sindano kwa hasira. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Nikamalizia koti.

Jumatatu, 18 Septemba

Naandika ya jana, maana jana mkono haukuweza.

Misa ilipoanza mimi nilikuwa kwenye lori, kiti cha mbele, kofia yangu kwenye nafasi ya katikati kwa ajili ya Scolastica. Sikubanduka. Niliwasikia wakiimba humo ndani. Baadaye padre akasoma kitu, kanisa zima likapiga vigelegele. Vigelegele vya mchanga wa kigango! Watu wa jumuiya yetu wana imani.

Wakatoka wanacheza. Scolastica kavaa kitenge kipya, uso unang'aa, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Fridolin nikamtuma nyuma akakae juu ya tairi la akiba. Akaenda bila ubishi. Ubishi ungenituliza kidogo. Kunyamaza kwake kulinitia homa.

Mbele tulikaa watatu. Mayunga kwenye usukani, Scolastica katikati, mimi mlangoni. Njia nzima nilikuwa nimegeuza shingo, namchunga Fridolin kupitia kile kidirisha cha nyuma. Kakaa karibu na Oliva, anapiga ngoma, mara amvunjie muwa, mara amfunike na koti vumbi lilipozidi. Wanapanga. Macho yangu hayakutoka pale hata kidogo. Mashimo ya Kiberege yalikuwa mabaya sana, maana mara mbili Mayunga alikosea akashika mkono wa Scolastica badala ya gia. Huyo Scolastica alivyo na adabu, hakuutoa.

Sanje! Sikujua kama maji yanaweza kufanya vile. Yanashuka toka juu kama dunia imetobolewa. Tumepanda kwa miguu nyuma ya askari wa hifadhi, na njia niliyosema naijua ilitupeleka kwenye shamba la ndizi la mtu, lakini hilo si muhimu. Mbega walitutazama kutoka juu ya miti, hasa mimi.

Nikamvuta Scolastica pembeni, karibu na mwamba. Moyo unapiga kuliko ile ngoma. Nikamwambia yote. Kwamba nampenda tangu mwaka ule alipoleta sketi ya shule nimpunguzie. Kwamba nimechoka kushona nguo za harusi za watu. Kwamba akikubali nitamheshimu mpaka nizikwe. Nilikuwa nataka kulia.

Maji yananguruma. Akaweka mkono sikioni. Nikarudia kwa nguvu. Akacheka, akatikisa kichwa juu chini, juu chini, akanishika mikono yote miwili na kuniambia kitu. Sikusikia hata neno, lakini mikono nimeisikia. Amekubali!

Kurudi nilikuwa mtu mwingine. Kiti cha mbele nikamwachia mama mmoja mwenye mguu mbaya, nikapanda nyuma na wenzangu, nikamtazama Fridolin usoni kwa huruma. Hata muwa wake nikapokea.

Tulipofika Lumemo, nje ya kwao Scolastica watu wamejaa. Kina mama wametandika khanga chini, vigelegele, ngoma, pombe kwenye madebe. Nikashangaa habari zangu zimefikaje kabla yangu, lakini huu ndio mji wetu. Nikasimama juu ya lori. Nikavua kofia. Nikawapungia. Nikasema asanteni, asanteni sana wazazi wangu.

Kukawa kimya.

Halafu mlango wa mbele ukafunguliwa, akashuka Mayunga. Suti ya kijivu. Sijui alibadilisha wapi. Imemkaa mabegani, haina mkunjo, kazi safi. Vigelegele vikarudi mara mbili. Akamshika Scolastica mkono, wakapita juu ya khanga, na Mayunga akainua mikono yote miwili juu akicheza, na mabega ya koti hayakubana hata kidogo.

Mama alikuja kunishusha. Nikiwa bado nimeshika kofia akanieleza. Matangazo ya ndoa yao yamesomwa kanisani Jumapili tatu, ya mwisho asubuhi ileile, na hii ni ngoma ya kuwapongeza. Mara tatu padre kauliza mbele ya watu wote, kama yupo anayejua kizuizi aseme. Mji mzima umesikia. Akaniuliza, mwanangu, si uliniambia umesikia yote? Mimi nilijua umeamua kuwa mkubwa, hata mchele umewapelekea.

Nimelia. Sioni aibu kuandika. Nimempenda yule binti kwa dhati, na mchele ulikuwa wa mavuno yangu mwenyewe.

Jumamosi, 23 Septemba

Nimetafakari siku zote hizi, na ukweli nimeupata. Aliyenimaliza ni Fridolin.

Haiwezekani iwe vinginevyo. Kwa nini alikuwa ananitazama vile? Ili nami nimtazame yeye! Nilipokuwa namchunga, Mayunga akapita mlango wa mbele. Walikuwa wamepanga. Safari ijayo simpi nafasi.

Maana iko safari ijayo. Sanje, tarehe 15 Oktoba. Nimekaa nikaona kumbe mke mwema alikuwa hapahapa kibarazani, anatia vifungo. Oliva! Nani aliniletea samaki? Nani aliniambia nisikose Misa, kwa huruma, na mimi nikamshuku? Siku hizi hata uso wake unang'aa, na tangu Jumatatu kila nikimwita anashtuka. Dalili hizo nazijua. Nitamwambia kulekule, ila safari hii mbali na maji kidogo.

Fridolin ameshanusa. Leo mchana kapita kuelekea kwao Oliva, amevaa shati jeupe, na baba yake mdogo, na katekista, wamebeba jogoo na jembe jipya. Nimefikiri sana. Wanakwenda kulima, lakini kwa nini shati jeupe? Juzi pia alivuka barabara na kitambaa cha suti, kijivu kama kile cha Mayunga, akataka niwahi. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya siku moja.

Naye ana kesi! Mungu si Athumani. Nimepokea kazi kwa moyo mkunjufu, na mabega nitayapanua bila kuombwa.

Mama jioni hii kaja polepole, kakaa karibu yangu, kaniomba kesho twende wote Misa ya kwanza. Haiwezekani. Kesho alfajiri niko kwenye migomba, nitajua huyu mtu kila Jumapili anafunga mlango kwenda wapi. Na kabla hajasema lingine nikampa amri: jina la Oliva lisitajwe nyumbani humu mpaka turudi Sanje.

Mama akauliza, hata likiwa jambo la heri?

Nikamjibu, hasa la heri.

Kisha akainuka, akatoka uani, nikamsikia anafukuza kuku.