Ndoo Nyeupe Darini

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu Mwende ameondoka alfajiri na basi la Kitui. Dada yake Mwikali amejifungua. Kabla ya kutoka amerudia mara nyingi: watoto wale mboga, madirisha yafunguliwe, nisiguse kitu chochote mpaka arudi Ijumaa. Nimekubali yote. Mimi ni mtu wa kukubali.

Niko likizo. Bandari ya Mombasa itajipimia mizigo yenyewe wiki hii. Nimebaki na Sheryl, miaka mitano, mwenye pumu na maswali mengi, na Oliver, miaka miwili, mwenye meno ya panya.

Asubuhi nikakanyaga tofali la plastiki la kuchezea. Unyayo wa kushoto. Nikiwa bado narukaruka kwa mguu mmoja, hodi! Bi Mwanarusi, mwenye nyumba. Shikamoo nimeitoa nimeegemea ukuta. Akaitika, akatazama sebule: nguo juu ya kochi, sufuria chini ya kochi, Oliver ndani ya kapu la nguo chafu anakula mkate. 

Kisha akatoa habari. Wapangaji wa ghorofa ya juu wanahama mwisho wa mwezi. Vyumba vitatu! Sisi tuna viwili, na kimoja ndicho sebule, jiko na uwanja wa vita. Jumamosi atapita kuona nani anatunza nyumba vyema, ampe huyo. Gunga wa mlango wa pili naye anaitaka. Akanikumbusha kwamba kuta zake ni za mawe na chokaa za tangu babu yake, hataki kusikia msumari humu ukutani.

Gunga! Karani wa kaunti. Watoto watatu, na nyumba kama picha ya kalenda. Ana benchi ambalo ukilifunua juu lina tumbo, na ndani ya tumbo vitu vya watoto vimelala kimya. Vikapu vya ukindu kila pembe. Mwende akitoka kule huwa hasemi na mtu mpaka chai ipoe.

Ijumaa Mwende lazima akute ikulu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Wazo limenijia nikimkaangia Oliver yai. Bandarini hakuna vurugu kwa sababu makontena yote yanafanana na yote yanapanda juu. Nyumba yangu je? Chini vurugu, juu hewa tupu. Bi Mwanarusi kakataza msumari ukutani. Dari hakuitaja. Na nyumba hizi za Kibokoni, Mji wa Kale, zina boriti nzito darini zinazoweza kubeba ng'ombe.

Kwa hiyo: ndoo, kamba, boriti. Msumari hata mmoja hakuna. Nimejicheka peke yangu. Oliver akacheka pia. Yai likaungua.

Tumekwenda soko la Makupa sote watatu. Bwana mmoja, Ngumbao, anauza ndoo ndogo kuukuu za mafuta ya kupikia, zina vifuniko. Nimechukua ishirini. Akauliza kama nafungua hoteli. Nikamwambia huu ni mtindo. Akamtazama Oliver kwa huruma.

Tumezipaka rangi nyeupe sebuleni. Madirisha nimefunga, vumbi lisiharibu kazi. Sheryl akauliza atajuaje ndoo ya wanasesere wake. Akaomba achore picha ubavuni: kijiko kwa vijiko, mdoli kwa wadoli. Nimekataa. Nikamweleza kwamba nyumba ya kisasa haionyeshi kitu. Kila kitu kifanane na kingine, jicho lipumzike. Akasema jicho lake halijachoka.

Watoto! Nilimwacha na kalamu zake za rangi karibu na ndoo zilizokauka, nikaenda kutafuta kamba.

Jumatano, 6 Agosti

Sisimizi. Ndoo sikuziosha sawasawa. Wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka kwenye soksi za Oliver. Nimeosha zote upya, kisha nikapaka rangi upya, madirisha yamefungwa. Kichwa kinaniuma kidogo. Sheryl anapiga chafya.

Alasiri nikaenda kwa Gunga kuomba chumvi. Chumvi ninayo, lakini nilitaka kuona. Caroline, mkewe, akanikaribisha vizuri sana. Nikaangalia kwa pembe ya jicho. Kila kitu cha watoto kiko chini, usawa wa kiuno changu. Mtoto wao mdogo akaokota gari lake, akalitia kapuni, akaenda zake. Mwenyewe! Bila kuambiwa! Nimetoka pale na jasho.

Lakini nimelala chali nikafikiri, na sasa nimetulia. Gunga amekosea. Kitu kikiwa chini, mtoto atakishika. Akikishika, atakitoa. Yangu yote yatakuwa juu. Nani atayatoa?

Nimetundika. Kila kamba inapita juu ya boriti na kushuka hadi kwenye nondo za dirisha, ambako nimeifunga kwa fundo la bandarini. Vijiko juu. Maharagwe juu. Nguo za ndani juu. Nyuma ya mlango kulikuwa na ule mfuko mwekundu wa Mwende wenye pampu ya pumu ya Sheryl, unaning'inia kwenye kulabu kama kengele ya zimamoto. Unaharibu weupe wote. Nimeutia ndani ya ndoo; kama zile nyingine, Sheryl ameishika, kalamu zake mkononi, mimi nikirusha kamba. Mahali salama kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sebule tupu! Mkeka, kochi, na juu yetu ndoo nyeupe kama mawingu. Nimesimama mlangoni nikajiona Bi Mwanarusi, nikajipongeza kwa sauti yake.

Tatizo dogo: kamba ziko nyingi na zote zimefungwa dirisha moja. Kutafuta vijiko nilishusha ndoo ya viatu, ya taulo, ya viatu vingine. Tumekula uji kwa vikombe. Tatizo jingine: chini ya ndoo kuna uchafu fulani wa rangi rangi. Sijui umetoka wapi. Nitapaka tena kesho asubuhi, Bi Mwanarusi asione.

Mwende amepiga simu. Mtoto wa Mwikali ni mzima, ana nywele nyingi. Kisha akauliza kifua cha Sheryl. Nikasema kizuri. Akauliza madirisha. Nikasema yapo. Akanikumbusha pampu iko nyuma ya mlango. Nikamwambia iko mahali salama. Sikudanganya! 

Jioni tumekwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo ya kukaanga. Sheryl alikimbia kidogo tu, akarudi kuketi. Alikuwa akikohoa. Upepo, nadhani.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kando ya kitanda cha Sheryl.

Asubuhi nilipaka zile sehemu za chini. Nilifika ndoo ya tatu tu, rangi ikaisha. Nashukuru. Nasema tena, nashukuru.

Sheryl alikohoa tangu alipoamka. Nilijiambia ni mafua. Baada ya chakula akaacha kucheza. Akaketi mkekani, mikono magotini, mabega juu, na kifua kikaanza ule mlio wa filimbi. Nikakimbilia mlango. Kulabu tupu.

Nikatazama juu. Ndoo ishirini, zote sawa.

Niliitia wapi? Nilifungua fundo la kwanza: maharagwe. La pili: chupi, zangu. La tatu likaniponyoka, ndoo ikaanguka kwa kishindo na matofali ya plastiki yakatapakaa nyumba nzima. Oliver akapiga makofi. Fundo la nne likakataa kabisa. Fundo langu mwenyewe! Nikatafuta kisu. Kisu kiko ndani ya ndoo. Na nyuma yangu ile filimbi inazidi kuwa nyembamba. Nikamwita Mungu. Nikamwita Mwende, ambaye alikuwa bado njiani.

Mlango ukafunguka. Gunga, na leso ya chakula bado shingoni.

“Baba Sheryl, kuna nini huku?”

“Pampu! Iko juu. Sijui ndoo ipi.”

Hakuuliza la pili. Akamwita Caroline aje amchukue Oliver. Akafungua madirisha, kamba zangu zote na mafundo yake yakiwa yananing'inia. Kisha akapiga goti mbele ya binti yangu, akamwekea mkono mgongoni.

“Kaa wima, mama. Polepole. Wewe wajua dawa yako iko wapi?”

Sheryl hakuweza kusema. Midomo imebadilika rangi. Akainua kidole.

Nikafuata kile kidole. Chini ya ndoo ya pembeni kulikuwa na doa jekundu. Halikuwa doa. Ulikuwa mfuko, umechorwa kwa kalamu ya rangi, na uzi wake wa kuning'inizia. Ndoo ya jirani ilikuwa na kijiko. Nyingine mdoli mwenye nywele za kusimama. Ule uchafu wote! Nilimkataza kuchora ubavuni. Chini sikuitaja.

Gunga hakushusha kitu. Aligeuza ndoo iliyoanguka, akapanda juu yake, akafungua kifuniko cha ile yenye mchoro mwekundu, akatoa mfuko. Sheryl akavuta. Tukangoja. Akavuta tena. Sijawahi kusikiliza pumzi ya mtu namna ile. Nilikuwa nimeshika mguu wake mdogo na sikujua nimeushika.

Kisha mabega yakashuka.

Gunga alitupeleka kliniki kwa gari lake. Daktari aliuliza kama kuna mtu anapaka rangi nyumbani. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vyeupe.

Mwende aliingia jioni. Alisimama katikati ya maharagwe na kamba. Nilimweleza kila kitu isipokuwa rangi. Sheryl akamweleza ya rangi. Mwende akambeba, akaketi naye dirishani. Mwishowe akasema, bila kunitazama:

“Mfuko ulikuwa nyuma ya mlango, Joab.”

Huniita Baba Sheryl. Joab huniita mbele ya mchungaji tu.

Nililia. Oliver akanipa kipande cha mkate wake. Nimeapa mbele ya wote watatu kwamba sitapanga kitu tena maishani.

Jumamosi, 9 Agosti

Sheryl amelala vizuri. Mimi sikulala. Kila alipogeuka niliamka.

Tulikuwa bado tunaokota maharagwe, hodi. Bi Mwanarusi, na Gunga nyuma yake. Nilitamani boriti zianguke. Sebule ilikuwa kama ghala lililovunjwa. Ndoo nusu juu, nusu chini, kamba zinaning'inia kila mahali. Bibi alizunguka polepole, akatazama kuta kwa makini, hakuona tundu. Akatazama dari.

“Mimi n'likataza msumari,” akasema. “Sikujua kama kuna watu wa kamba.”

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono, akauliza mtoto yuwapi. Akamshika Sheryl kifua, akasikiliza kama daktari. Kisha akatwambia kwamba Gunga amemwendea asubuhi. Amemwambia ghorofa ya juu tupewe sisi. Kule kuna baraza lililo wazi pande mbili, upepo wa bahari unaingia na kutoka, na kifua cha mtoto kinahitaji hewa kuliko vikapu vyake vinavyohitaji nafasi. Yeye atangoja nyingine.

Nilimtazama Gunga. Nilitafuta hila usoni mwake. Nilitafuta sana. Akasema tu kwamba jirani ni jirani.

Ufunguo wa akiba wa kule juu Bi Mwanarusi alimpa Mwende. Nilinyoosha mkono, akaupita.

“Huu nampa mama watoto. Wewe, mwanangu, kaa mbali nao.”

Jioni nilikwenda kumshukuru Gunga. Nilitaka kusema mengi, nikasema chumvi yake nitairudisha. Akacheka mpaka akaegemea mlango. Caroline akatutilia chai. Ni mtu mwema. Inaudhi kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa wapangaji wa juu wametukaribisha tukaone nyumba. Wameshaanza kufungasha. Baraza ni kama alivyosema Bibi. Upepo! Sheryl alisimama katikati, akafumbua mdomo, akaumeza kama maji. Mwende akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akanishika kiwiko. Akaniita Baba Sheryl. Nikajiambia: Joab, umepewa nafasi ya pili, mtu hapewi ya tatu.

Ndipo nikaona kwamba baraza lote ni tupu.

Hakuna kitu! Pande mbili nzima, sakafu hadi dari, hewa inapita bure. Ni dhambi. Weka makabati kila upande, milango yote ifanane, na vyumba vitatu vinabaki bila kitu ndani. Gunga mwenyewe hajawahi kuwa na wazo kama hili. Nami sitatundika chochote. Nimejifunza. Kilichotuponza ni kamba.

Nimepima kwa mikono, kinyemela, nikijifanya najinyoosha. Sheryl akaniuliza napima nini. Nikamwambia mgongo unauma. Akanitazama, akaenda kumnong'oneza mama yake. Lazima nifanye haraka. Mwende anarudi kazini mara tu tukihamia. Fundi wa mbao wa Tononoka nimeshampigia simu, nimemwambia aje asubuhi ya siku hiyo, asigonge mlango kwa nguvu.

Upepo ukipungua, tutanunua feni.