Mikia ya Matone Meusi

Alhamisi, 6 Novemba
Siku ya tano ya kupaka rangi ukumbi wa zamani wa sinema hapa Fall River, Marekani. Kuta za jukwaa, nyeusi tupu. Msimamizi wetu, Leduc, kasema sakafu ni mpya, hataki kuona tone. Turubai la kufunika sakafu kachukua mwenzangu Custódio, kama kawaida yake. Nikapata sanduku la makaratasi chini ya jukwaa, nikayatandaza. Sakafu safi. Kichwa changu bado kinafanya kazi.

Ijumaa, 7 Novemba
Balaa. Kaja mwalimu wa kinanda, Bi. Sowle. Miaka tisa anatafuta muziki wa Edith Wardwell, aliyekuwa akitunga na kupiga kinanda humu enzi za filamu bubu. Hakuna anayemkumbuka. Kauliza kama tumeona karatasi zake. Leduc akasema atakayeziharibu hana kazi kwake. Baridi inaingia, kwetu visiwani Azori ni mbali, na kazi nyingine sina. Custódio akaitazama sakafu, akanitazama mimi.

"Belarmino, ndugu yangu, mbona unatoka jasho?"

Nikasema ni supu niliyokunywa.

Jumamosi, 8 Novemba
Chumbani na karatasi thelathini na moja. Nimekwangua tone moja kwa kisu, karatasi ikachanika. Halafu nikaona: tone jeusi juu ya ile mistari mitano linafanana na nota ya muziki, limekosa mkia tu. Nikatafuta kalamu. Kila tone nikalitia mkia. Ukurasa ulioandikwa "Mazishi" ulikuwa chini ya ndoo. Mikia sitini na mbili.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimempa Bi. Sowle. Nimesema zilikuwa ndani ya ukuta. Akalia. Leduc akanishika mkono, mara ya kwanza tangu aniajiri Machi. Custódio anajua. Nimebeba ngazi zake kutwa nzima.

Jumamosi, 15 Novemba
Onyesho la filamu bubu, Bi. Sowle akipiga muziki wa Wardwell. Ukumbi umejaa. Kwenye filamu jeneza linapita, na kinanda kinarukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilikuwa nimeshikilia kitasa cha mlango. Bi. Sowle akasimama, akasema Wardwell alithubutu kuyacheka mauti wakati wenzake wote waliyaogopa, na kwamba "Mazishi" ndiyo kazi yake kuu. Jumanne anaupeleka ukurasa huo kwa wataalamu, wapime wino.

Sijala.

Jumapili, 16 Novemba
Leduc kasema nitabaki mpaka Pasaka, kwa heshima niliyoiletea kampuni. Nimeapa mbele ya Bikira Maria: sigusi karatasi tena.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimepata sanduku la pili, nyuma ya kinanda. Safi, bila hata doa. Nilikuwa nalipeleka moja kwa moja kwa Bi. Sowle. Nikapitisha macho ukurasa wa juu, "Kuagana". Nota chache mno, zimeachana mbali, za huzuni. Maskini Edith, hapa alichoka.

Nimefungua kopo la rangi.