Nahodha Zubari Aombewa Rozari Sebuleni Kwangu

Jamani, leo nimeaibika mpaka haya naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Mnajua tuna kikundi cha vitabu, manesi watatu. Tumesoma vitabu sita vya wale mabaharia wachawi. Cha saba, cha mwisho, zamu ya kukihukumu ilikuwa yangu: nisome kwanza, saa nane mchana nitangaze nyota. Nilishajiandaa kukiponda. (Mimi jaji mkali. Cha nne nilikipa nyota moja, tena kwa huruma.)

Saa sita, ukurasa wa mwisho, Nahodha Zubari akazama na meli yake. Nililia! Wala si kilio cha kistaarabu. Nilipiga yowe.

Mlango ukagongwa. Mama Espérance, jirani yangu Mrundi.

"Dada, nani amefariki?"

"Zubari," nikasema, kamasi zinanitoka.

"Yesu wangu! Alikuwa anaumwa?"

"Amezama."

Hapo ndipo ningesema ni kitabu. Sikusema. Alishanikumbatia, na kwa mkono mwingine anapiga simu. (Ukweli, nilihitaji kukumbatiwa.)

Akina mama wa jumuiya ya kanisa mnawajua. Saa moja haikuisha, sebule ina wanawake kumi na mmoja, viti vya kukunja, sufuria ya ndizi na maharage. Mmoja ameacha zamu yake ya kazi ghalani! Jina la Zubari lilishapelekwa parokiani hata kabla maharage hayajafika. Kila nikifungua mdomo niungame, naletewa kijiko. "Kula, dada. Usiongee."

Rozari ikaanza. Nikaitikia. Ningefanyaje?

Tendo la nne kati ya matano, saa nane kamili, simu ikaita. Wanjiru wa kikundi. Kwa haraka ya kuizima, nikabonyeza spika.

"Judge! Umemaliza? Zubari amekufa ama ameokolewa na yule samaki wa kuongea? Unaipa stars ngapi?"

Shanga zote zikasimama.

Mama Espérance akaokota kitabu chini ya kochi, akaitazama meli iliyo kwenye jalada. "Marehemu ni huyu?"

"Ndiye, mama."

Akashusha pumzi. "Limebaki tendo moja. Tumalize."

Wakamaliza, mabega yanawatetemeka kwa kicheko. Mimi nikakimbilia huku bafuni.

Wanjiru, nyota tano. Na Jumapili Zubari akitajwa kwenye orodha ya marehemu, naombeni mtu asicheke mpaka nifike mlangoni.