Friji, Baiskeli na Leso ya Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti

Caroline kaenda kwao Ganze. Kisa? Friji! Mke wa miaka yote hii ananiacha kwa ajili ya sanduku la baridi.

Kweli, friji ilikuwa yake. Kweli, ndiyo aliyokuwa akigandishia barafu na juisi ya ukwaju, akiuzia mtaa mzima wa Maweni, hapa Malindi. Na kweli, nilimpa Mtaliano mmoja aliyekuwa akihamia nyumba mpya, naye akanipa baiskeli yake ya mashindano. Lakini baiskeli gani! Nyekundu, nyepesi, gia nyingi hata sijui nyingine ni za nini. Nilimweleza Caroline kwamba kinyozi mwenye baiskeli kama ile huheshimika. Akaniuliza kama wateja wake sasa watakunywa baiskeli. Nikaenda kuipangusa baiskeli.

Akaifunika cherehani yake kwa kitambaa, akachukua begi, akasema friji ikirudi naye atarudi. Mlango hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Chai nimejipikia mwenyewe. Imeungua. Sijui chai huunguaje.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo Mungu kanikumbuka! Wamebandika tangazo kwenye ukuta wa kibanda changu: mbio za baiskeli Jumamosi, kupanda barabara ya kilima cha Mwatsuma, huko huko Ganze. Zawadi ya kwanza, friji. Mpya! Ya milango miwili! Nililisoma mpaka mteja akanikumbusha kwamba nimemnyoa upande mmoja tu.

Barabara ile naijua. Inapanda ikijipinda katikati ya vilima viwili, kimya kabisa, gari ni la bahati. Mbio zinaishia kileleni. Na ukiteremka kidogo tu upande wa pili, uko kwa wakwe zangu! Yaani nishinde, niteremke na friji mpaka uani, Caroline atoke jikoni mbio. Nimeiona picha yote. Hata machozi nimeyaona. Yake, si yangu.

Tatizo moja: Abdalla, muuza halua wa Shella, naye kajiandikisha. Anaendesha baiskeli ya marehemu babu yake, nzito kama kitanda. Mtu yule adabu zake zinaniudhi. Kila akiniona huniuliza habari za nyumbani, za kazi, za afya, kisha huomba aishike baiskeli yangu, kidogo tu. Leo kaishika mpaka chai yangu ikapoa.

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Ila Malindi haina mlima, imenyooka kama meza. Nikaenda mpaka kwenye mteremko wa daraja la Sabaki. Kuteremka niliteremka vizuri, hata nikapiga mluzi. Kurudi, miguu ikagoma. Nikaisukuma baiskeli, huku mama mmoja muuza mihogo akiniuliza kama nimefiwa.

Abdalla akanipita akipanda. Akapunguza mwendo, akaniamkia, akaniuliza habari za nyumbani. Anazijua! Maweni yote inazijua! Nikajibu njema.

Nimenunua kaptula ya kubana mitumbani, zile wanazovaa waendesha baiskeli wenyewe. Rangi ya manjano. Inabana mpaka fikira. Lakini ukiivaa unajiona umeshafika.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefikiri sana. Nguvu si kila kitu.

Rafiki yangu Ngowa ana pikapu ya kupeleka mitungi ya maji huko Ganze. Jumamosi ataningoja kwenye kona ya kalvati la maji, pasipopita mtu wala mbuzi. Nitaingia nyuma na baiskeli, anifunike turubai, anishushe kona ya mwisho. Hapo nichomoze nikihema. Jasho nitajipaka maji ya mtungi.

Ngowa akauliza kama huo si wizi. Nikamwambia wizi ni kuchukua cha mtu, na mimi narudisha cha mke wangu.  Nikamwahidi kumnyoa bure maisha yake yote, akakubali. Kichwa chenyewe kina upara, hasara ni ndogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo hautaki kitanda.

Mwanzo ulikwenda vizuri, maana ulikuwa tambarare. Easter, mwenyekiti wa kamati, akapuliza filimbi, nikatangulia. Watu wakaona! Kisha kilima kikaanza. Wakanipita vijana, wakanipita wazee. Abdalla akanipita akinitakia kila la heri. Mwisho nikabaki peke yangu na njiwa.

Kwenye kalvati Ngowa alikuwa ananingoja. Nikajilaza katikati ya mitungi, baiskeli ubavuni, turubai juu. Raha iliyoje! Kilima kinapanda, mimi nimelala.

Mara pikapu ikasimama. Nikasikia sauti ya mwanamke ikimwamkia Ngowa, ikimwomba lifti, eti ametoka mashineni kusaga mahindi na mzigo ni mzito. Sauti ile naijua. Mama mkwe! Na Ngowa, mjinga yule, hamjui mama mkwe wangu. Mama mkwe akapanda na jirani yake mmoja na gunia la unga, akatafuta mahali pa kukaa. Mitungi ni migumu. Akatafuta palipo laini.

Akanikalia mimi.

Mama yangu! Kwetu sisi mama mkwe hukai naye mkeka mmoja. Humpi mkono. Ukikutana naye njiani unampisha na macho yako chini. Mimi nimekaliwa! Nikaacha kupumua, kwa heshima.

Wakaanza mazungumzo. Mama mkwe akamwambia mwenziwe kwamba Caroline tangu aje hana habari nyingine ila za mumewe. Akifagia uwanja asubuhi, jicho liko barabarani. Friji ni hasira tu, akasema. Mwanamume yule angepanda kilima hiki kwa miguu yake, akaja uani akasema nimekosa, Caroline angefunga begi saa hiyo hiyo. Lakini haji, akasema. Yeye anapenda baiskeli.

Haki ya Mungu moyo uliniuma. Nilimtamani Caroline pale pale nilipokuwa, chini ya mamake. Machozi yalinitoka, nayo safari hii yalikuwa yangu. Nikaapa kimoyomoyo: friji ile lazima niipate!

Kisha unga ukaniingia puani. Nikajizuia. Nikajizuia tena. Nikapiga chafya, na gunia likapasuka juu yangu.

Mama mkwe aliruka akapiga ukemi. Ngowa akadhani tumevamiwa, akakanyaga mafuta. Tukawapita waendesha baiskeli wote, Abdalla akatupungia mkono. Turubai likapeperuka, nami nikasimama niombe radhi. Kosa kubwa. Kaptula ilikuwa imepasuka nyuma, yote. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso moja, ya pili akanirushia bila kutazama. Nikajifunga kiunoni.

Ngowa hakusimama mpaka kileleni, mbele ya utepe wenyewe, mbele ya kamati na wanakijiji wote. Nikashuka na baiskeli yangu. Mweupe kwa unga toka kichwani, leso ya mama mkwe kiunoni, nikaukata utepe nikiwa wa kwanza na kuinua mikono juu. Hakupiga makofi hata mtu mmoja.

Easter akapuliza filimbi mpaka ikakataa kulia. Nilimweleza kwamba kanuni hazikutaja pikapu. Hakutaka kusikia. Friji kapewa Abdalla, naye akaja kunipa pole, ndefu, na kuniuliza habari za nyumbani.

Jumapili, 10 Agosti

Uani kwa wakwe. Wazee wamekaa kunihukumu, mimi nimekaa chini.

Mzee Jefwa, mjomba wa Caroline, alitaka kwanza ijulikane nani alimkalia nani. Wakabishana sana. Wengine walisema aliyekaa ndiye mwenye kosa. Mwisho wakakubaliana kosa ni langu, kwa kujifanya gunia. Faini yangu mbuzi, na leso mpya doti nzima, maana ile niliyojifunga hairudi tena kwa mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa ndani, akituma maneno kupitia kwa jirani yule wa kwenye pikapu. Akauliza kama nilisikia aliyoyasema garini. Nikajibu nilisikia habari za kusaga mahindi tu. Jirani akanitazama. Nikatazama chini.

Caroline alicheka mpaka akakaa. Alipomaliza kucheka akaniuliza, taratibu, nimekuja kwao kufanya nini.

Neno nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni, tayari. Nikasema nimekuja kwa ajili ya friji.

Akafuta machozi ya kicheko. Kisha akaniomba simu yangu, akampigia Abdalla.

Jumanne, 12 Agosti

Abdalla kaleta friji kwa mkokoteni, kaondoka na baiskeli yangu. Alisema friji dukani kwake zipo mbili tayari, na kwamba baiskeli ile alikuwa akiiota. Yeye na Caroline walikubaliana kwa simu, muda wa kunyoa ndevu. Mimi nimehangaika wiki nzima!

Caroline karudi na begi lake. Friji ilipokuwa ikipitishwa mlangoni, wapagazi wakipiga kelele, nikasema nimekosa. Nililisema haraka. Sijui kama alisikia.

Baadaye akapika chai, akaitia iliki. Nadhani alisikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Maisha matamu! Barafu zinauzwa, Caroline anaimba, watoto wa mtaa wamejaa mlangoni na vikombe. Mimi ni mtu mpya. Nimeapa mbele yake kwamba friji ile sitaigusa tena maisha yangu yote. Na sitaigusa.

Mchana Easter kamleta mwanawe kunyolewa. Kasema mbio zitarudi mwakani, kilima kile kile, na zawadi ya kwanza ni pikipiki. Pikipiki! Nikiingia nayo uani kwa mama mkwe, nani atakumbuka habari za mbuzi? Maana mbuzi bado sijampeleka.

Baiskeli sina, lakini nimesikia kuna fundi mmoja Mtwapa anayo nyepesi kuliko ile, unaiinua kwa kidole. Yeye hataki pesa, anatafuta cherehani. Nami nikaitazama ya Caroline, pale pembeni, na kitambaa chake juu. Tangu barafu zirudi hajaigusa. Niliyoapia ni friji. Cherehani haikutajwa.

Ngowa naye kanunua turubai jipya, refu zaidi. Nimeshazungumza naye. Safari hii nitajilaza mbele kabisa, nyuma ya kiti cha dereva. Kule mwisho ndiko wanakokaa wakwe.