Robo Ekari ya Moto

Jumatatu, 2 Februari 2026

Hili sijamwambia mtu. Si Nyanya, si Jalila, wala mama yangu kwenye simu. Nimemwambia Bwana Kimani, mnunuzi wa kile kiwanda cha makaa ya nyasi kule Changamwe, kwamba nina ekari nzima ya nyasi za nepia. Ni robo. Sikukusudia. Kwenye simu huwa natetemeka, naye aliuliza harakaharaka, nikasikia mdomo wangu ukisema ekari. Akasema basi Jumatano analeta lori. Lori!

Lakini robo ekari gani! Likoni nzima hakuna kama hii. Nilipanda mwenyewe vipande vya mashina Aprili iliyopita, wakati wa likizo, nikiwa kidato cha nne. Sasa zimenipita kimo mara mbili na zimekauka zikiwa zimesimama, rangi ya mkate. Ndivyo zinavyotakiwa. Hizi ni za kuchomwa, si za ng'ombe. Majirani hawaelewi. Wakipita hunipa pole.

Jumanne, 3 Februari

Nimevuna! Nimekata tangu alfajiri, Nyanya Mwanabibi akifunga mabunda kwa kamba za makumbi ya nazi. Ami Mwidani naye alikuja na futi yake kupima shamba. Anataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Nyanya alishaamua tangu mwaka jana: nyasi zikinunuliwa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, shamba linabaki langu. Zisiponunuliwa, ni la Ami. Alipima mbele yangu, akaniita Mama Majani, akaniuliza vyoo nadhani vikae upande gani. Nikajibu sijui, ami. Moyoni nilimjibu vizuri sana.

Mabunda mia na sitini. Nusu ya lori, nikijipendelea. Hapo ndipo nikamkumbuka Jalila, binti yake Ami, anayeuza mchicha kando ya barabara. Kila asubuhi huunyunyizia maji. Mchicha unainuka, unang'aa, unakuwa mzito mkononi. Wateja wanampenda.

Kiwanda kinanunua kwa kilo. Maji yana uzito. Mimi nilipata B ya fizikia, mambo haya nayajua.

Jumatano, 4 Februari

Debe kumi na mbili kabla ya jua kupanda. Mabunda yakang'aa. Nikasimama kando yake nimejifunika leso hadi puani, najivuna kimyakimya.

Bwana Kimani akashuka kwenye lori, akatoa kidude kama simu chenye sindano mbili, akakidunga ndani ya bunda la kwanza. Kikalia. Akadunga la pili. Kikalia tena. Akanieleza kwamba unyevu usizidi asilimia kumi na tano, na hapa anasoma arobaini na mbili. Akauliza kama huku Likoni kulinyesha. Ami Mwidani, kivulini, akamjibu hata tone. Hakuna aliyemuuliza yeye.

Bwana Kimani akanitazama, akalitazama debe.

"Dada, mimi hununua moto. Maji niko nayo kwa mfereji."

Walicheka wote. Hata Nyanya, ingawa aligeuka upande kwanza. Kisha Bwana Kimani akalipima shamba kwa hatua, mwanzo hadi mwisho. Kuhusu ekari hakusema neno. Aliandika tu. Afadhali angesema.

Jumatatu atapita tena mara moja, ya mwisho. Yakikauka atachukua yaliyopo. Lori limeondoka tupu.

Alhamisi, 5 Februari

Mabunda yataota ukungu! Uani kwetu kumejaa tope, nililolitengeneza mwenyewe. Paa letu ni la makuti, tena liko chini ya mnazi. Yanatakiwa mabati, na jua.

Nimepiga hodi nyumba kumi na moja. Mimi! Niliyemaliza shule bila kuinua mkono darasani hata mara moja. Kwa Mama Faith, ambaye mumewe yuko bandarini, nilisahau hata salamu. Nikamwambia naomba paa lako. Akauliza nalipeleka wapi. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta ngazi.

Kufikia alasiri nyasi zangu zilikuwa juu ya nyumba kumi na moja. Mtaa mzima umeota nywele. Mama Faith anasema leo ndani kwake kuna baridi ya kupendeza. Hilo sikulipanga, lakini sifa nimezipokea.

Jumamosi, 7 Februari

Nimegeuza nyasi mara mbili, kila paa. Nimeungua shingo. Jalila ameniambia kwamba maji hunyunyiziwa kitu cha kuliwa. Angesema mapema!

Ami Mwidani ameshusha matofali pembeni mwa shamba langu. Sikulia. Nililia kidogo.

Jumatatu, 9 Februari

Kumi na moja! Kumi! Kumi na mbili! Bwana Kimani alidunga mabunda tisa na kidude hakikulia hata mara moja. Ameyachukua yote. Nusu ya lori, lakini nusu iliyojaa!

Nyanya akamuuliza kama sasa itabidi nipande upya. Akamwambia la, mashina yatachipua mvua ikianguka, na yatavunwa hivyo miaka mingi. Nyanya akafikiri. Kisha akamgeukia Ami, aliyekuwa amekalia matofali yake.

"Mwidani, chumba ukikikata hakichipui. Mwachie mtoto shamba lake."

Ami akasema haya, mama. Nikamsaidia kuondoa matofali. Nilibeba matatu.

Jumanne, 10 Februari

Kwa Bwana Kimani nimeandikwa mkulima wa robo ekari, na leo Nyanya amemtajia kila aliyepita njiani. Mimi nilikuwa mlangoni, nasikiliza, nimevimba kama andazi.

Kosa langu nimelitafakari kwa makini na nimeliona. Nililowesha nje! Zile sindano huzama urefu wa kidole tu. Nilizitazama sana jana. Msimu ujao nje ya bunda patakuwa pakavu kabisa, na maji yatakaa katikati. Si mengi. Debe sita.

Unajua wewe peke yako, daftari langu. Nyanya akikufunua, tafadhali, usimwambie.