Hotuba ya Akida Mwinshehe ya Kufungua Chuo cha Kupima Vichwa

Mtukufu Kaizari wa Ujerumani, ambaye hayupo lakini picha yake ipo, Bwana Mkubwa wa boma la Arusha, aliyekusudia kuja akapata safari ya kuwinda, Bwana Karani, Bwana Shaushi na askari wako, waheshimiwa washili, wakuu wa koo za Meru, kila mmoja kwa daraja lake, waheshimiwa malaigwanani, wasemaji wa Waarusha, kila mmoja kwa rika lake, na nyinyi wengine wote mliokuja kwa hiari yenu baada ya kufuatwa majumbani: salamu. (Makofi, baada ya Shaushi kugeuka na kuwatazama.)

Mimi, Akida Mwinshehe bin Sadi, mzaliwa wa Pangani, mtu wa viatu na wa maandishi, nimesimama hapa mwaka huu wa 1909 kuwatangazieni kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Elimu ya Makabila, ambacho ni shule kubwa kupita shule zote, na ambacho kitafundisha somo moja tu, yaani nyinyi. Bwana Profesa aliyekaa nasi siku tatu mwezi uliopita alinieleza mimi binafsi, faraghani, kwamba hii ni visenshafti, maana yake elimu ya Kijerumani isiyokosea, na kwamba ukikipima kichwa cha mtu kwa lile koleo lake la chuma utajua kabila lake, tabia yake na upande wa mlima anaostahili kukaa, bila ya kumwuliza mwenyewe, ambaye mara nyingi hupotosha.

Takwimu ni hizi. Vilipimwa vichwa mia nne na kumi na viwili. Zilipimwa pua mia nne na kumi na moja, kwa sababu mzee Lesikar alitoa kichwa akakataa kutoa pua. (Kicheko. Mzee Lesikar anaifunika pua kwa kiganja.)

Sasa wako watu wenye midomo wanaosema kwamba elimu hii imekosea kwa Meitamei na Sifael. Jamani, tuwe watu wazima. Meitamei alikuja kwenye mstari akitoka machungani, amejipaka udongo mwekundu, masikio ametoga, akaandikwa Mwarusha. Sifael alikuja akitoka misheni, amevaa kanzu, kitabu cha nyimbo kwapani, akaandikwa Mmeru. Kwamba wamezaliwa na baba mmoja na mama mmoja, hilo ni jambo la nyumbani kwao, halikupimwa. Na amri ni kwamba Waarusha wote wakae magharibi ya mto, Wameru wote wapande mlimani, na katikati, pale penye vigingi, pajengwe Chuo. ("Hapo katikati ni kwangu," inasema sauti ya mwanamke.)

Nani huyo? Aa, Mama Namelok, mama wa hao wawili. Karibu uketi, mama. (Haketi. "Baba yangu Mwarusha, mume wangu Mmeru, na migomba ile nimeipanda kwa mikono yangu. Mimi nimeandikwa wapi, Akida? Nitakaa kwa mwanangu yupi?")

Swali zuri, tena la kisomi. Bwana Profesa alikupima mara nne, jasho likamtoka, mwisho akakuandika kwenye safu ya tatu, iitwayo Haijulikani. Na kwa kuwa Waarusha wana upande wao na Wameru wana upande wao, Haijulikani hana upande, na asiye na upande hana shamba, kwa hiyo shamba lako si lako, na hapo utaona jinsi elimu inavyorahisisha mambo. Usihuzunike. Pale penye migomba yako patakuwa ukumbi, na wasomi watatoka Ulaya kuja kusoma habari zako mahali hapohapo ulipokuwa ukikaa. (Meitamei anatoka upande wa Waarusha, Sifael upande wa Wameru, wanasimama kulia na kushoto kwa mama yao. Leo ni baridi, wote wawili wamejifunga mablanketi.)

Shaushi, warudishe kwenye makabila yao. (Shaushi anawatazama mmoja mmoja, kisha anakuna shingo. "Bwana Akida, sijui yupi ni yupi. Wamefanana mno.")

Basi tuendelee. Sipendi kujisifu, lakini ni nani aliyeupanga mstari ule? Ni mimi. Kwa siku tatu nzima hakuna aliyetoka mstarini, hata kwenda kutazama shamba lake, na ndiyo maana vijana wa Bwana Profesa waliweza kupigilia vigingi mia mbili na sitini bila kusumbuliwa na mtu. (Minong'ono. Mzee Lesikar anasimama.) Keti, mzee, namalizia.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuruni kwa vichwa vyenu. Namshukuru Bwana Mkubwa kwa barua yake iliyofika jana, ambayo Bwana Karani alinisomea mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri, na ambayo inasema kwamba serikali haijapata kujenga Chuo, haikusudii kujenga Chuo, na haimjui profesa yeyote. Bwana yule ni mpimaji wa ardhi, lile koleo ni la kushikia kwato za farasi wake, na nchi yote iliyo ndani ya vigingi imekwisha andikwa kwa mzungu wa kahawa. Hata hivyo sherehe ilikuwa imekwisha pangwa. Kichwa kimoja, kabila moja. Kila mtu na upande wake. Chuo chetu kidumu.

Limebaki jambo dogo. Mimi pia nilipimwa. Nilimwambia bwana yule kwamba mimi ni Mshirazi, akacheka, akaniandika Haijulikani, chini ya jina la Mama Namelok, na nyumba yangu nayo imo ndani ya vigingi. Nasikia wanao, mama, wameanza kufyeka pamoja kule juu, karibu na msitu. Kama patapatikana nafasi ya mtu mmoja zaidi, asiyekula sana, nitashukuru kuliko nilivyowashukuru hao wote.

(Mama Namelok anavitazama viatu vya Akida. "Njoo," anasema. "Jembe utabeba mwenyewe.")