Kamati ya Kulinda Mfereji Dhidi ya Barafu

Ilitangazwa rasmi, kwa karatasi yenye mihuri miwili, kwamba mfereji wa kuchotea maji ulio nje ya jengo la wafanyakazi, hapa Al Jaddaf, Dubai, umewekwa chini ya ulinzi wa Kamati ya Kukabili Majira ya Baridi. Mwenyekiti: Bwana Atheer, meneja. Siku hiyo joto lilikuwa nyuzi thelathini na moja.

Kamati ilifuata mwongozo wa makao makuu ya kampuni, ambako theluji hufika magotini. Mwongozo uliamuru mfereji uvishwe blanketi. Ukavishwa. Kwamba mfereji wenyewe ulikuwa ukivuja kutwa kucha halikuwa jambo la kamati; mwongozo ulizungumzia barafu, haukutaja kuvuja.

Agneta, mlinzi wa lango la nyuma, alilitazama blanketi likilowa, akasonya. Alikuwa amesomea ufundi bomba kwao Bungoma, na ugonjwa wa mfereji ule aliujua: kipira cha ndani kimelika. Kazi ya dakika tano. Lakini kugusa mali ya kamati bila kibali ni kosa la kufukuzwa, na Bwana Atheer alikuwa ameagiza kwamba likizo ya mtu yeyote haitatiwa saini hadi suala la mfereji lifungwe. Fomu ya likizo ya Agneta ilikuwa mezani kwa meneja wiki ya sita. Huko nyumbani, binti aliyemwacha akijifunza kusimama sasa anakimbia, na akiulizwa mama yuko wapi, huenda kuleta simu.

"Dancan," alimwambia katibu wa kamati, "si mniandikie tu hicho kibali?"

"Dada, kibali cha kutengeneza hakipo. Kuna cha kuvisha blanketi."

"Aki nyinyi! Mfereji mmeuvalisha sweta, mimi nakaa hapa natoa jasho?"

"Cheka tu. Kesho tuna hatua ya tisa."

Hatua ya tisa ilikuwa kutoa maji yote kwenye mabomba yasije yakaganda. Koki kuu ikafungwa, mabomba yakakaushwa, na mfereji, kwa kukosa cha kuvujisha, ukaacha kuvuja. Dancan akapiga picha, akaandika: "Mafanikio asilimia mia. Koki isifunguliwe hadi theluji iyeyuke."

Hajaweka kalamu chini, mlango wa nyumba ya meneja, ghorofa ya chini ya jengo hilo hilo, ukafunguka kwa kishindo. Bwana Atheer alitoka na taulo kiunoni, kichwa chote povu, jicho moja amelifumba.

"Maji wapi? Yalla, haraka, fungua!"

"Sir, katibu ameandika tungoje theluji iyeyuke," alisema Agneta.

"Theluji gani? Hapa Dubai?"

"Koki ikifunguliwa, sir, mfereji utavuja tena," alisema Agneta kwa heshima. "Na dawa yake naijua."

"Khalas, basi! Utengeneze wewe!"

"Sina kibali, sir. Na kibali hupitishwa na kamati."

Kamati ikakutana papo hapo, kando ya blanketi. Kumbukumbu zinasema mwenyekiti alihudhuria akiwa na povu, na kibali kilipita bila kupingwa.

"Lete nitie saini!"

"Kwa hiyo suala la mfereji limefungwa, sir?"

"Limefungwa!"

"Basi na likizo yangu."

"Lete zote!"

Dancan akaandika kibali, akaikimbilia na fomu ofisini. Meneja akazitia saini zote mbili kwa jicho moja, povu likidondokea karatasi. Agneta akaipuliza fomu yake ikauka, akaikunja, akaitia mfukoni. Ndipo akachukua spana, akaanza kulivua blanketi, kamba moja moja.

"Mbona polepole hivyo?"

"Mwongozo, sir. Hatua ya kumi: blanketi livuliwe taratibu, mfereji usije ukapatwa na baridi ya ghafla."